Ukurasa wa tovuti uliosongamana humficha msomaji alichokifuata

Na MWANDISHI WETU

MVUVI wa Mbwajumali, kisiwani Pate, akitaka kujua iwapo upepo wa kusi utamruhusu kutweka kesho alfajiri, ana njia mbili. Ataenda ufuoni awaulize wazee, au atafungua simu yake atafute ilani ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Njia ya kwanza haijapata kumtaka afunge dirisha la tangazo la mikopo kabla ya mzee kufungua kinywa.

Njia ya pili huanza vyema. Anaandika maneno mawili, anabonyeza kiungo, na ukurasa unaanza kufunguka kipande kwa kipande. Kwanza linakuja bango lenye nembo ya tovuti, kisha menyu ya safu mbili, kisha utepe wa habari za punde unaokimbia kutoka kulia kwenda kushoto. Chini yake ipo picha ya mwanasiasa asiyehusika kwa lolote na bahari. Dirisha linachomoza katikati ya skrini likimwomba akubali kutumiwa arifa. Akilifunga, jingine linamwomba akubali masharti ya faragha. Ukingo wa chini umekaliwa na tangazo la mchezo wa kubahatisha, na video ambayo hakuiomba imeanza kucheza yenyewe. Ilani aliyoifuata, ambayo ni sentensi tatu, ipo chini ya hayo yote.

Mbwajumali, ambayo nyaraka nyingi huiandika Mbwajumwali, ni kijiji kilicho jirani ya Tchundwa na Kizingitini. Safari ya boti kutoka kisiwani Pate hadi mji wa Lamu hutegemea maji kujaa na kupwa, hivyo si jambo la kwenda na kurudi kwa dakika chache. Mzazi anayetafuta fomu ya basari, kijana anayefuatilia matokeo ya mtihani, na mjane anayetaka kujua ni stakabadhi zipi zinazohitajika ili apate cheti cha kifo cha mumewe, wote hao huepushiwa safari na tovuti iliyopangwa vizuri. Iliyopangwa vibaya huwarudisha kwenye boti.

Tatizo hili tutaliita mrundikano wa vitu machoni. Maana yake ni kuwapo kwa vitu vingi vinavyoligombea jicho kwa wakati mmoja pasipo kimoja kuwa na cheo kuliko kingine: rangi, picha, vitufe, vichwa vya habari, viungo, na vitu vinavyotikisika. Msomaji huona kila kitu na hapati chochote.

WINGI SI MRUNDIKANO

Kosa la kwanza la wale wanaoonywa kuhusu mrundikano ni kudhani kwamba dawa yake ni kuondoa vitu hadi ukurasa ubaki mweupe kama shuka. Atembeleaye nyumba za kale za mawe za Lamu huona ukuta wa chumba cha ndani uliojaa zidaka, yaani vile vishubaka vya chokaa ambamo sahani za kauri na vitu vingine vya thamani viliwekwa. Ukuta mmoja huweza kuwa na zidaka kwa makumi, na juu yake nakshi. Hata hivyo jicho halichoki, kwa kuwa zidaka hizo zimepangwa kwa safu, zinafanana kwa umbo, na nafasi iliyopo kati ya kimoja na kingine ni ile ile. Wingi upo na utaratibu upo.

Mfano wa pili uko kabatini mwa kila mama wa pwani. Kanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, ambayo ndiyo yale maneno, lililokaa mahali pake pa siku zote. Maua ya mji yanaweza kuwa ya rangi kali kupindukia, lakini hajaonekana mnunuzi aliyeuliza dukani jina liko wapi. Wala hakuna mfanyabiashara atakayeleta kanga yenye majina saba na mapindo yaliyokatiza katikati ya mji, kwa sababu anajua itamdodea. Tovuti nyingi za habari, na yetu imo baadhi ya siku, zina majina saba.

Kwa hivyo swali ambalo mwenye tovuti anapaswa kujiuliza ni iwapo kila kitu kilichopo kina mahali pake na cheo chake, na iwapo cheo hicho ndicho ambacho msomaji angekipa. Idadi ya vitu huja baadaye.

WATAFITI WASEMAVYO

Mnamo 2007, Ruth Rosenholtz na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), nchini Marekani, walichapisha utafiti kuhusu namna ya kupima mrundikano. Hoja yao ni rahisi kueleweka na yeyote aliyewahi kwenda sokoni. Mahali palipotulia, mtu mmoja akipaza sauti husikika. Mahali ambapo kila mtu anapaza sauti, mmoja zaidi hasikiki hata akipiga mayowe. Ukurasa nao hupimwa hivyo: je, ukiongezewa kitu kipya, jicho litakiona? Ikiwa rangi zote kali zimekwisha kutumika, na maumbo yote, na ukubwa wote, basi hakuna namna iliyobaki ya kumwambia msomaji kwamba jambo hili ni la dharura.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, watafiti wa Kanada wakiongozwa na Gitte Lindgaard walionyesha kwamba watu huamua iwapo ukurasa unavutia au la katika muda wa sekunde 0.05. Huo ni muda usiotosha kusoma hata neno moja. Kwa hakika, msomaji huwa amekwisha kuuhukumu mpangilio kabla ya kufikia maandishi.

Jambo jingine liligunduliwa mapema zaidi. Mwaka 1998, Jan Benway na David Lane waliona kwamba watu waliotumwa kutafuta taarifa fulani kwenye tovuti waliikosa pale ilipowekwa ndani ya bango kubwa la rangi. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba kitu kinachofanana na tangazo ni cha kupuuzwa. Hapa pana funzo chungu kwa ofisi za serikali ambazo, kwa nia njema, huweka onyo la mafuriko au la kipindupindu ndani ya bango jekundu linalometameta. Kadiri linavyopambwa ndivyo linavyofanana na tangazo, na ndivyo macho yanavyoliruka.

Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark aliyefanya kazi miaka mingi Marekani, aliorodhesha mwaka 1994 kanuni kumi za kutathmini mitambo inayotumiwa na watu. Ya nane inahusu jambo hili hasa: kila taarifa isiyohitajika hushindana na ile inayohitajika na kuipunguzia nafasi ya kuonekana. Mwaka 2006 alichapisha pia matokeo ya kufuatilia mwendo wa macho ya wasomaji kwenye kurasa za tovuti. Wengi walisoma mistari ya juu kwa ukamilifu, wakasoma kiasi katikati, kisha wakateremka kwa kupitisha macho ukingo wa kushoto pekee. Wahariri wa magazeti hawakushangaa. Tumeweka habari kuu nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza tangu zamani, kwa sababu gazeti lililokunjwa kibandani huonyesha nusu hiyo tu.

Lazima tuongeze kwamba ladha za watu hazilingani. Utafiti wa Katharina Reinecke na Krzysztof Gajos uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kiasi cha vitu na rangi ambacho watu hupendelea kwenye tovuti hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Nchini Japani, ukurasa wa mbele wa Yahoo umesheheni viungo kwa miaka mingi na umebaki kupendwa. Ukiutazama kwa makini, utaona zidaka.

TULIKOTOKA

Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Mwingereza Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na kuitangaza hadharani mwaka 1991, ilikuwa maandishi matupu na viungo. Haikuwa na picha wala rangi ya kujivunia. Oktoba 1994, jarida la HotWired la Marekani lilianza kuuza mabango ya matangazo kwenye kurasa zake, na tangu hapo nafasi ya ukurasa ikawa na bei.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya sherehe. Kivinjari cha Netscape kilileta alama iliyofanya maandishi yawake na kuzimika kama taa ya gari la wagonjwa. Alama hiyo ilidumu hadi ilipoondolewa kwenye Firefox mwaka 2013, na sijasikia aliyeilalamikia kuondoka kwake. Huduma ya GeoCities, iliyoanza 1994, iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kujitengenezea kurasa, nao walizijaza bendera zinazopepea, vihesabio vya wageni na muziki unaoanza pasipo ruhusa. Sehemu kubwa ya huduma hiyo ilifungwa mwaka 2009. Programu ya Flash iliyochezesha michoro kwenye milango ya tovuti nyingi iliachwa rasmi na wenyewe, kampuni ya Adobe, mwishoni mwa 2020, na kurasa zilizoitegemea zikabaki na matundu.

Kilele cha mambo hayo kilifikiwa mwaka 2005, pale mwanafunzi Mwingereza Alex Tew alipoanzisha ukurasa mmoja wenye pikseli milioni moja na kuuza kila pikseli kwa dola moja. Kufikia Januari 2006 zote zilikuwa zimenunuliwa. Yeye alipata fedha zake kihalali, na ulimwengu ukapata picha kamili ya ukurasa ambao kila mtu anazungumza na hakuna anayesikika.

Hapa Kenya tulikuwa na sababu ya ziada ya kutahadhari, na wengi wetu tuliipuuza. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kuanza kutumika mwaka 2009, nchi ilitegemea setilaiti, na muunganisho ulikuwa wa polepole na wa bei ghali. Katika sebule za intaneti mteja alilipa kwa dakika. Picha iliyochukua dakika mbili kufunguka ilikuwa imemtoza msomaji fedha taslimu, hata kama ni picha ya waridi linalozunguka. Wenye simu walijiokoa kwa kivinjari cha Opera Mini, kilichoenezwa duniani mwaka 2006, ambacho kiliubana ukurasa kwenye mitambo yake kabla ya kuufikisha kwa msomaji.

Nyaya ziliposhusha gharama, kurasa zilinenepa. Kufikia 2022, kwa vipimo vya mradi wa HTTP Archive, ukurasa wa kadiri uliofunguliwa kwa simu ulikuwa na uzito wa takribani megabaiti 2. Makala ya Kiswahili yenye maneno 2,000, yakiwa maandishi peke yake, hayazidi kilobaiti 20. Tofauti hiyo, ambayo ni mara mia moja, ni picha, fonti, programu za kufuatilia nyendo za wasomaji, na matangazo. Aliyenunua bando la megabaiti 50 na kukutana na kurasa za uzito huo atafungua 25 na kubaki mikono mitupu. Kwa vile bando huuzwa kwa bei ile ile Nairobi na Mbwajumali ilhali mapato hayalingani, mwenye kulipia mapambo zaidi ni yule aliye na kidogo.

SOMO LA M-PESA

Wakati tovuti zilipokuwa zikijitwika mapambo, Wakenya walifunzwa usanifu mzuri na chombo kisicho na picha hata moja. M-Pesa ilipozinduliwa na Safaricom Machi 2007, ilikaa ndani ya kadi ya simu kama menyu fupi ya maandishi. Kila hatua huuliza jambo moja tu: namba ya anayetumiwa, kiasi, namba ya siri, kisha uhakikisho. Mtu aliyeacha shule darasa la nne aliweza kumtumia mamaye fedha bila kufunzwa na yeyote zaidi ya wakala.

Haifai kulichukua somo hilo kwa pupa. M-Pesa ya wakati huo ilikuwa na shughuli chache, na ukurasa wa Google, ambao husifiwa mno kwa weupe wake tangu 1998, una shughuli moja. Gazeti lina habari themanini kwa siku. Tovuti ya eCitizen, iliyoanza mwaka 2014, ilitangazwa Juni 2023 kuwa na huduma zaidi ya 5,000. Kuziweka zote mlangoni ni wazimu, na kuweka kisanduku kimoja cheupe cha kutafutia ni kumtaka mwananchi ajue jina rasmi la kitu asichokijua. Kazi ya msanifu hapo ni kupanga mafungu kwa lugha ya anayetafuta. Mjane wetu anatafuta cheti cha kifo. Hajui wala hapaswi kujua ni idara ipi na wizara ipi.

MANENO YETU MAREFU

Lipo jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitalitaja, nalo limenikosesha usingizi kwa miaka ambayo nimekuwa mhariri msanifu. Vigezo vingi vya tovuti hutengenezwa na watu wanaofikiri kwa Kiingereza, lugha yenye maneno mafupi. Kiswahili hupachika mtendaji, wakati, mtendwa na kitenzi katika neno moja. "Hawatawaandikisha" ni neno moja lenye herufi 17, na halikatiki ovyo. Likiwekwa kwenye safu nyembamba, ama husukuma nusu ya mstari ibaki tupu, ama huvuka mpaka na kulala juu ya picha ya jirani.

Menyu nayo huvurugika. Palipotengewa neno fupi la Kiingereza pakiwekwa "Habari za Kimataifa" na "Matangazo ya Vifo", menyu ya safu moja huwa ya safu mbili, na kwenye simu huwa ya safu nne. Mtengenezaji asiyejua Kiswahili hupunguza ukubwa wa herufi ili yaenee. Hilo ni kosa juu ya kosa, kwani msomaji mwenye umri wangu hapo huhitaji miwani mipya.

Dawa iko katika uhariri. "Dunia" inatosha mahali pa "Habari za Kimataifa". "Tanzia" lilikuwapo kabla ya "Matangazo ya Vifo". Vitufe vyetu vinaweza kuwa vifupi kuliko vya Waingereza tukiamua: Tafuta, Ingia, Lipa, Tuma, Toka. Kichwa cha habari cha maneno sita huenea pale ambapo cha maneno kumi na mawili hugeuka kuwa aya. Kwa maoni yangu, nusu ya mrundikano wa tovuti za Kiswahili ingeondoka kwa kalamu ya mhariri kabla msanifu hajaguswa bega.

KUUPANGA UKURASA

Kazi huanza kwa kuandika, kwa sentensi moja, ni nani anayefika kwenye ukurasa huu na anataka nini. Sentensi hiyo ikishindikana, ukurasa hauna sababu ya kuwapo. Ikipatikana, kinachofuata ni kuvipa vitu cheo. Kimoja kiwe cha kwanza, viwili au vitatu viwe vya pili, na vilivyobaki vikubali kuwa vya mwisho. Ugumu wake si wa kiufundi. Kila idara ina mkuu wake, na kila mkuu huamini kwamba habari yake yafaa kukaa juu. Mwandishi wa makala haya amewahi kuhudhuria kikao cha saa tatu, katika shirika nisilolitaja, ambacho kilimalizika kwa uamuzi wa kuweka mambo kumi na moja katika nafasi ya kwanza.

Baada ya cheo huja ujirani. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza mwaka 1923 kwamba jicho huvichukua vitu vilivyokaribiana kuwa ni kundi moja. Kichwa kikae karibu na habari yake kuliko na habari iliyotangulia. Maelezo ya picha yaguse picha yake. Nafasi tupu ndiyo inayofanya kazi hiyo ya kutenganisha, nayo huifanya vizuri kuliko mistari, visanduku na vivuli. Wenye tovuti wengi huiona nafasi tupu kuwa ni kiwanja kisichojengwa, wakakimbilia kukijenga. Wanakili wa misahafu wa Siyu, mji ulio kisiwani humo humo Pate na uliosifika kwa kazi hiyo, walijua thamani ya pambizo: maandishi katikati, na pembeni nafasi ya alama za kumwongoza msomaji.

Kuhusu herufi, aina mbili za fonti zinatosha, moja ya vichwa na nyingine ya habari, na mara nyingi moja hutosha kwa zote. Mstari usizidi herufi 80, kama mwongozo wa kimataifa wa kufanikisha matumizi ya tovuti kwa watu wote unavyopendekeza. Safu za magazeti zimekuwa nyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Mwongozo huo, ambao toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2008 na la 2.2 Oktoba 2023, unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya weupe hupendeza kwenye tarakilishi ya ofisini. Kwenye gati, jua la saa saba mchana likipiga kioo cha simu, hakionekani kabisa.

Toleo la 2.2 linataka pia kitufe cha kubonyezwa kisipungue pikseli 24 kwa upana na kwa urefu. Kwa kidole kilichozoea kuvuta nyavu, hata hizo ni chache.

Rangi itumike kwa maana. Ikiwa nyekundu ni ya dharura, isitumiwe kwa tangazo la punguzo la bei, wala kwa nembo, wala kwa utepe wa habari za punde ambazo ni za juzi. Siku dharura itakapokuja, nyekundu iwe bado ina nguvu.

MATANGAZO YANAYOLIPA MISHAHARA

Ni rahisi kuyalaani matangazo ukiwa huyategemei. Gazeti hulipa waandishi kwa fedha za matangazo, na atakayesema yaondolewe yote atuambie pia nani atalipa nauli ya mwandishi wa kwenda Kizingitini. Swali ni namna yanavyowekwa.

Tangazo tulivu lililo kando ya habari, au kati ya aya, lenye mpaka wake na neno "Tangazo" juu yake, halimkeri mtu. Yanayokera yanafahamika. Ni yale yanayofunika ukurasa mzima, yanayocheza sauti, yanayohesabu sekunde kabla ya kumwachilia msomaji, na yanayoganda chini ya skrini. Muungano uitwao Coalition for Better Ads, ulioanzishwa mwaka 2016, uliyaorodhesha, na kuanzia Julai 2019 kivinjari cha Chrome kikaanza kuyazuia duniani kote kwenye tovuti zinazokithiri. Google nayo ilitangaza kwamba tangu Januari 2017 kurasa zinazomfunikia msomaji wa simu habari punde tu anapofika zinaweza kushushwa katika matokeo ya utafutaji.

Baya kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile linalochelewa kufika. Msomaji ameanza aya ya pili, mara tangazo linajipenyeza juu yake na kuisukuma chini. Au amenyoosha kidole kubonyeza kiungo, kiungo kinashuka, kidole kinaangukia tangazo. Tiba yake ni ya bure: tangazo litengewe nafasi ya ukubwa wake tangu mwanzo, hata kabla halijafika. Mhariri wa gazeti la karatasi hawezi kukosea hapo, kwa kuwa karatasi haisogei.

KUPUNGUZA KUSIWE KUFICHA

Wapo waliosikia wito wa kuondoa mrundikano wakatumbukia shimo la pili. Waliyafagia maneno yote ya menyu na kuyatia nyuma ya kialama cha mistari mitatu. Kialama hicho si kipya. Kilichorwa na Norm Cox kwa ajili ya tarakilishi ya Xerox Star ya mwaka 1981. Lakini utafiti wa kampuni ya Nielsen Norman uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba menyu iliyofichwa hutumiwa kwa uchache kuliko inayoonekana, na watu huchukua muda zaidi kupata wanachokitafuta. Kwa mtu aliyeanza kutumia intaneti ukubwani, mistari mitatu ni mistari mitatu. Kikiambatanishwa na neno "Menyu", herufi tano tu, tatizo hupungua sana.

Vivyo hivyo kwa tovuti zinazotoa picha moja kubwa iliyojaa skrini na maneno mawili ya kishairi, zikimwacha mgeni akijiuliza iwapo amefika hotelini au kwenye kampuni ya bima.

Zipo tovuti za habari zilizochagua njia ya tatu, ya kuweka toleo jepesi kando ya lile kamili. Kimbunga Irma kilipokaribia jimbo la Florida, Marekani, Septemba 2017, shirika la redio la NPR na kituo cha CNN waliwaelekeza wasomaji kwenye kurasa zao za maandishi matupu, ili wenye mtandao dhaifu na betri zinazokaribia kuisha wapate habari. Hadi leo matoleo ya aina hiyo yangalipo. Hayahitaji mtaalamu wa ajabu wala bajeti kubwa, kwani ni ule ule mtindo wa 1991.

Turudi kwa mvuvi wetu. Ilani anayoihitaji ina mambo manne: eneo linalohusika, nguvu ya upepo, kimo cha mawimbi, na saa ambayo onyo litaanza na kukoma. Upepo wa maili 25 za baharini kwa saa, ambao ni takribani kilomita 46, unaweza kuandikwa kwa vipimo vyote viwili na bado sentensi ikawa moja. Tarehe ikae juu kabisa, kwa sababu ilani ya juzi ni hatari kuliko kutokuwa na ilani. Ilani nzima haitazidi herufi 300, hivyo itaenea kwenye skrini moja ya simu ndogo bila kuteremsha kidole, na uzito wa maandishi yake hautafika kilobaiti moja.